Safu ya Rasiberi Nyuma ya Jiko

Jumamosi, 2 Novemba

Nimepewa siku ishirini na nane. Wafungwa hupewa wakili. Mimi nimepewa chai ya rangi na tarehe ya mwisho.

Habari yenyewe hii hapa. Shemeji, mdogo wake mke wangu, fundi wa mafriji, nyumba anayopanga inauzwa na hana pa kwenda. Mke wangu anasema pa kwenda papo: kile kipande nyuma ya jiko, hatua kumi kwa nne, ambacho mimi nakiita bustani na yeye anakiita makaburi. Ana maana makaburi ya mipango yangu. Akaitaja yote, mmoja mmoja, kama anaita mahudhurio. Uyoga. Kware. Maua ya kuuzia mahoteli. Nikamkumbusha kwamba kware hawakufa, walihama. Akaendelea kukoroga chai.

Masharti ni haya. Ikifika Jumamosi tarehe thelathini, akikuta nyumbani kwetu safu moja ya kitu kilicho hai, kimesimama wima na kina majani, bustani ni yangu na haigusi mtu. Asipokuta, fundi mwashi anaanza kazi Jumatatu, na Shemeji anajengewa chumba palepale. Nikauliza kitu gani hicho. Akasema chochote, ila kama ni yeye, angependa rasiberi.

Rasiberi! Namjua aliyemtia tamaa hiyo. Jirani yetu, Mzee Tepe, fundi cherehani mstaafu ambaye bado anatembea na tepe ya kupimia shingoni, hata akienda kutupa taka. Kila msimu humpitishia mke wangu bakuli la rasiberi, vile vitunda vyekundu laini, juu ya uzio. Mke wangu huzila akiwa amesimama, macho ameyafumba. Chakula changu hajawahi kukila amefumba macho. Isipokuwa ule uyoga, na ilikuwa kwa sababu nyingine.

Nampenda sana Shemeji. Nampenda akiwa kwake.

Jumapili, 3 Novemba

Nimemchungulia Mzee Tepe kwa saa nzima kupitia pengo la uzio. Si upelelezi. Ni utafiti.

Mzee wa watu amechanganyikiwa. Mashina yake ya rasiberi amefunga nyuzi: marefu, manene, ya kahawia amefunga uzi wa buluu, mafupi ya kijani, yanayofika magotini, amefunga uzi mwekundu. Halafu akachukua mkasi wake mkubwa na kuyakata yale marefu yote, moja baada ya jingine, hadi usawa wa udongo! Yale mafupi akayaacha. Akayapapasa hata, akayaambia kitu. Mashina mazuri akayafunga mzigo na kuyaweka nje ya geti yasubiri lori la taka.

Nilitaka kucheka kwa sauti. Nikajizuia, maana pua ilikuwa imeingia penye pengo.

Hapo ndipo mpango ulipokuja, wote mzima. Kwa nini niende kwenye kitalu kununua vijiti vichanga wakati kuna mashina yaliyokomaa yanatupwa bure? Wengine wanaanzia darasa la kwanza. Mimi nitaanzia chuo kikuu.

Jumatatu, 4 Novemba

Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa getini kwa Mzee Tepe. Lori la taka hupita saa mbili. Nimebeba mzigo mzima mgongoni. Vimiiba vya rasiberi ni vidogo sana, huwezi kuviona, lakini vyenyewe vinakuona. Kazini sikuweza kushika kalamu. Msimamizi akaniuliza kama nimepigana na paka. Nikamwambia ni kilimo cha kisasa.

Jioni nimepanda. Mashina ishirini na mawili! Mzee Tepe huacha nusu mita kati ya shina na shina, anapima kwa tepe, anarudia kupima. Mimi ni msoma mita za maji mwaka wa kumi na tisa sasa, nimeshasoma vipimo vya kutosha, sihitaji kupimiwa kwangu. Nimeacha kiganja kimoja kimoja. Yakikaribiana yatapeana moyo. Nimeyazamisha hadi kiwiko ili yasimame imara. Mizizi hayakuwa nayo, lakini mizizi ni kazi ya mmea, si kazi yangu.

Safu yangu ni ndefu kuliko ya Mzee Tepe. Nimesimama na kuitazama mpaka giza lilipoingia. Kifua kimenijaa kweli kweli.

Jumatano, 6 Novemba

Rasiberi zinataka kushikiliwa, la sivyo zinalala. Mzee Tepe ana nguzo mbili, moja kila mwisho wa safu, na nyaya mbili zimekazwa katikati, na mashina yamefungwa kwenye waya kwa vitambaa. Kila nguzo yake imeegemezwa na mti wa mshazari kwa upande wa ndani. Masikini, nguzo zake hazina nguvu.

Zangu zinazo. Nimevunja kitanda cha wageni, kile cha nguzo nne za kutundikia neti. Mninga mtupu! Huu ndio uzuri wa kufikiri kwa kina: bustani inapata nguzo, na nyumba inakosa kitanda cha mgeni. Shemeji akija hata kwa usiku mmoja, atalala wapi? Nimewapiga chenga wawili kwa mguu mmoja. Mke wangu hajui. Huingia chumba cha wageni mara moja kwa mwezi kupangusa vumbi, na amepangusa juzi.

Waya nimeutoa ule wa kuanikia nguo. Vitambaa sina, kwa hiyo mashina nimeyafunga kwa tai zangu za zamani za ofisini. Safu nzima inaonekana kama inasubiri usaili wa kazi.

Jumamosi, 9 Novemba

Pigo. Naandika kwa uchungu.

Leo ni siku ya kufua. Mke wangu alitoka na beseni, hakukuta waya mahali pake, akatazama huku na huku, akauona kwangu. Hakuuliza. Akaanika. Mablanketi matatu, yanachuruzika maji, juu ya rasiberi zangu!

Nilikuwa nanyoa ndevu. Nikachungulia dirishani na kuona nguzo zangu mbili zinainamiana taratibu, kama wazee wanaotaka kunong'onezana umbea. Nikatoka mbio na povu usoni. Nilifika wakati zinakutana. Blanketi la kati likanifunika mimi, nguzo ikafuata, na mke wangu akasikika kwa mbali akiuliza kama kuna mtu humo ndani.

Mashina manne yamevunjika. Yalivunjika kwa mlio mkavu, kabisa kabisa kama kuni. Dalili ya ugumu huo.

Nimesimamisha nguzo upya na kuzichimbia zaidi. Mshazari sijaweka. Siwezi kumwiga mtu aliyekata mashina yake mwenyewe. Mke wangu amedai waya wake. Tumekubaliana: siku ya kufua ni wake, siku nyingine ni wangu.

Jumapili, 10 Novemba

Mzee Tepe kapiga hodi leo alasiri. Amebeba fungu limeviringishwa kwenye gunia lililoloweshwa maji, tepe shingoni kama kawaida. Akanisalimu vizuri, akasema ameona kwa juu ya uzio kwamba jirani yake ameanza rasiberi, na amefurahi, ila kuna jambo dogo kuhusu yale mashina, maana shina la rasiberi likishazaa mara moja huwa...

Nikamkatiza. Nilikuwa najua linakokwenda. Alitaka kurudishiwa mashina yake. Nikamwambia kitu kikishawekwa kwa lori la taka kimeshakuwa mali ya dunia. Mzee akatikisa kichwa. Akasema hakuja kwa ajili ya hayo. Akaweka lile fungu mlangoni, akasema ni la nyumbani, lisikae likakauka, akaenda zake.

La nyumbani! Matambara ya cherehani, bila shaka, ya kumfanyia mke wangu madoido. Ndivyo anavyojipendekeza huyu mzee. Sikulifungua hata. Nimelitupa nyuma ya tangi la maji, na gunia lake.

Alhamisi, 14 Novemba

Hakuna majani bado. Nimeyakagua mashina yote kumi na manane. Nimelikwaruza moja kwa ukucha kuona ndani. Nje kahawia, ndani kahawia. Angalau lina msimamo.

Mke wangu ameuliza kama ni kawaida yawe makavu namna ile. Nimemweleza kwamba mmea ukihamishwa hupumzika kwanza. Akasema naona umeyaambukiza uvivu.

Jumapili, 17 Novemba

Uvamizi! Nilijua Shemeji hatangoja tarehe thelathini, na leo nimemkamata.

Alikuja asubuhi kumsalimia dada yake. Alikaa kwenye kiti changu, akapiga mluzi, akanywea kikombe changu. Yote nimeyameza. Akaomba kuona bustani. Nikamwambia nyuma ya jiko hapaingii mtu, mimea inapumzika. Akasema sawa, shemeji, huku anatabasamu, akaenda kuzunguka nyumba peke yake. Nilimwona anainama nyuma ya tangi la maji. Nikadhani amedondosha kitu.

Mimi nikarudi kumwagilia. Nilipoingia chumbani kwangu baada ya saa mbili (mimi na mke wangu tuna vyumba viwili tangu suala la kukoroma), nikachungulia dirishani. Na nini naona pale mbele ya nyumba, chini ya dirisha langu mimi? Shemeji, jembe mkononi! Ameshachimba mtaro ulionyooka. Ameshachomeka vigingi kumi na viwili, vifupi, vya urefu wa goti, kwa umbali sawasawa. Juu yake kamba imevutwa kutoka kigingi cha kwanza hadi cha mwisho. Hata nyuzi nyekundu zimefungwa kwenye vigingi.

Mimi si mtoto. Najua kamba ya msingi wa nyumba nikiiona. Mtu ameona bustani ya nyuma imeshindikana, sasa anajijengea chumba mbele, bila ruhusa, Jumapili mchana! Na dada yake amesimama mlangoni ameshika shavu, anacheka kwa furaha. Wamekula njama.

Nilitoka, nikasema karibu tena, shemeji. Akanikumbatia. Akanitazama kwa namna ya ajabu na kusema hii ni siri yetu mpaka tarehe thelathini.

Siri! Tutaona.

Jumatatu, 18 Novemba

Mpango wa kujihami umeanza. Ni rahisi na ni wa akili: fundi mwashi hawezi kujenga kwenye tope. Kwa hiyo tope liwepo.

Kila asubuhi kabla ya kazi, na kila jioni baada ya kazi, namwaga ndoo mbili za maji kupitia dirishani, taratibu, zisisikike. Leo ardhi imekunywa zote. Kesho nitaongeza.

Jumatano, 20 Novemba

Nimeongeza samadi. Gunia zima kutoka kwa mfuga ng'ombe wa barabara ya pili, lile alilosema limeoza vizuri kabisa. Nimelitandaza kwenye msingi wa Shemeji, huku na huku ya vigingi vyake. Nani atataka kuishi juu ya harufu ile? Hata mimi, mwenye dirisha pale juu, silali vizuri. Lakini vita ni vita.

Mke wangu alinikuta nafunga gunia tupu. Akaniuliza naweka samadi kwa nani. Nikamwambia kwa mpendwa Shemeji. Akanifuta tope kwenye paji la uso kwa kidole gumba. Sijui kwa nini. Miaka mingi hajafanya hivyo.

Jumamosi, 23 Novemba

Habari njema na mbaya.

Njema: msingi wa Shemeji umeharibika! Kwa pale dirishani naona magugu yameshaanza kuota, kijani tupu, kwenye vigingi vyenyewe. Ndivyo inavyokuwa ukijenga bila kibali. Nimemwaga ndoo nne kusherehekea.

Mbaya: rasiberi zangu bado zimepumzika. Nimebadilisha tai. Haikusaidia.

Jumanne, 26 Novemba

Mita yetu ya maji imeruka. Naijua kwa sababu njia yangu ya leo inapita mtaa wetu, na mimi ndiye niliyeisoma. Matumizi yamepita kiasi kwa mbali. Sheria ya kazi ni sheria ya kazi. Nimejiandikia karatasi ya onyo, nikaipitisha chini ya mlango wangu, nikaja kuiokota jioni.

Nilipotoka nyuma ya jiko nikamkuta mke wangu amesimama mbele ya safu yangu, kanga begani, anatazama mashina kumi na manane yaliyovaa tai. Hakuwa na hasira. Ningependa awe na hasira, hasira nimeizoea. Akasema kwa upole kwamba yeye hakutaka safu ndefu. Angefurahi hata shina moja, ilimradi la kweli.

Niliona haya. Niandike ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nilimkumbuka alivyokuwa akiniamini zamani, kabla ya kware, alivyokuwa akiwaambia watu huyu mume wangu ana mawazo mengi, na alikuwa anasifu.

Haya ilidumu kama nusu saa. Kisha likanijia wazo la majani.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimeomba ruhusa kazini. Nimesema ni msiba. Si uongo sana.

Masharti ya mke wangu, nikiyakumbuka vizuri, ni matatu: hai, wima, majani. Wima tunayo, mradi asianike. Hai ni suala la mtazamo. Kilichobaki ni majani, na majani yapo upande wa pili wa uzio, yanachungulia kwangu penye pengo. Nimechuma sitini na tano. Mzee Tepe alikuwa ndani, redio inasikika.

Kisha nimekaa kwenye kigoda na sindano ya mke wangu na uzi wa kijani, nikayashonea kwenye mashina, moja moja. Ni kazi ya subira. Nimejidunga mara kumi na moja. Nilipomaliza jua lilikuwa linashuka, na safu yangu ilikuwa inapendeza kiasi kwamba kwa dakika moja nzima nilisahau mimi ndiye niliyeishona.

Kesho saa moja asubuhi, majani yakiwa bado mabichi, nitamwita mke wangu. Ataona, atatia sahihi, tutakunywa chai. Bustani yangu!

Jumamosi, 30 Novemba

Nitaandika yote kwa utaratibu.

Saa moja nilimwita. Akasema tungoje kwanza, amemwalika Shemeji, na amemwalika Mzee Tepe awe shahidi kwa sababu anazijua rasiberi. Shahidi! Saa mbili, hakuna mtu. Saa tatu jua likawa kali. Nilisimama na gazeti, nayapepea majani. Saa nne na robo ndipo walipofika wote, na kufikia hapo majani sitini na tano yalikuwa yananing'inia kama masikio ya mbwa aliyekaripiwa.

Mke wangu akatazama. Shemeji akatazama, akakohoa kwa adabu. Mzee Tepe akavaa miwani, akasogea hadi kwenye shina la kwanza, akaligeuza jani kwa kidole. Nikangoja aseme limekufa. Akasema hiki kilichopigwa hapa ni bandi. Bandi ni ya kushikiza tu kwa muda kabla ya kushona, haibebi uzito. Mahali kama hapa, jirani, ungepiga mshono wa kurudia.

Kisha akaongeza, kwa upole ule ule, kwamba kwa mkono wa mtu asiye fundi si mbaya. Na kwamba alichotaka kuniambia siku ile ni hiki: shina la rasiberi huota mwaka huu, huzaa mwaka unaofuata, kisha hufa. Yale ya uzi wa buluu yalikuwa yameshazaa na kufa. Mke wangu aliyala matunda yake yeye mwenyewe.

Kwa hiyo nimemwagilia maiti kwa wiki nne. Tena zimevaa tai.

Nikamtazama mke wangu. Nilijua ndio mwisho, fundi mwashi Jumatatu, na haikuwa hata chumba kilichoniumiza, ni yale macho yake. Ndipo Shemeji akasema tafadhali twende mbele ya nyumba.

Tukaenda. Chini ya dirisha langu, kwenye kamba ya msingi, palikuwa na mashina kumi na mawili yaliyosimama wima, nusu mita kwa nusu mita, na kila moja lilikuwa na majani. Yasiyoshonwa. Nilidhani ni magugu! Mzee Tepe akainama, akagusa uzi mwekundu, akasema ni haya machipukizi yake, yale aliyoyaleta kwenye gunia.

Shemeji akaeleza. Aliyakuta yametupwa nyuma ya tangi, akaona ni bahati mbaya. Akajua dada yake anazipenda na mimi nina tarehe, basi akayapanda, ili nikishindwa kule niwe na hizi. Hakutaka chumba kwenye bustani yangu kamwe, ni dada ndiye aliyeng'ang'ania. Lakini, akasema, yeye alipanda tu. Alikuja kwetu mara moja tu tangu siku ile. Kuna mtu aliyamwagilia asubuhi na jioni. Kuna mtu aliyatilia samadi, tena iliyooza vizuri. Bila huyo mtu yangekauka siku ya tatu. Na akaanza kulia, Shemeji mwenye mwili ule, akinitazama mimi.

Wote wakanitazama.

Nilikuwa na njia mbili. Moja ni kusema ukweli, kwamba nilikuwa nazamisha nyumba yake. Nyingine ni kukaa kimya na kutazama chini kwa unyenyekevu. Nilitazama chini.

Mke wangu akanishika mkono mbele ya watu. Akasema umefanya vizuri, mume wangu. Akasema tena, umefanya vizuri. Maneno hayo sijayasikia tangu tulipoezeka nyumba. Nayasikia leo kwa kitu pekee nilichowahi kukifanya kwa nia mbaya tangu mwanzo hadi mwisho. Na yalinifurahisha! Ilibidi nijifanye nimeingiwa na mdudu jichoni.

Uamuzi ukafuata. Ahadi ni ahadi: safu ipo nyumbani kwetu, iko hai, imesimama, ina majani, bustani ya nyuma hajengewi mtu. Nikavuta pumzi. Mbele nako haiwezekani kujenga, kuna rasiberi. Nikavuta nyingine. Kwa hiyo, akaendelea mke wangu, mtu aliyemwagiliwa mimea yake kwa upendo namna hii hawezi kuachwa atafute chumba cha kupanga. Shemeji anahamia ndani.

Akaenda kufungua chumba cha wageni. Akarudi. Akauliza kitanda kiko wapi. Kwa mlango wa jikoni nguzo zilikuwa zinaonekana vizuri sana.

Shemeji atalala kwenye kitanda changu, chumbani kwangu, mpaka seremala atengeneze kingine. Seremala amesema Februari.

Jumapili, 1 Desemba

Naandika kwenye mkeka, sakafu ya chumba cha wageni. Mgongo umekuwa wa mtu mwingine. Kupitia ukutani namsikia Shemeji akipiga mluzi usingizini. Sikujua inawezekana.

Mzee Tepe alipita baada ya chakula. Alitaka kutuonyesha jinsi ya kusimamisha nguzo na nyaya huko mbele kabla mashina hayajarefuka, na akasema jambo moja tu la kuzingatia sana kwa miezi hii ya mwanzo, ambalo ni...

Nikamkatiza. Sikuwa na nafasi. Wazo lilikuwa linakuja.

Limefika. Tatizo lote ni kwamba rasiberi ziko mbele. Zikiwa nyuma, kwenye nguzo zangu, mbele panabaki wazi, Shemeji anajengewa chumba chake pale kwa heshima zote, na mimi narudi kitandani. Kila mtu anafurahi. Nashangaa hakuna aliyeliona hili.

Kesho nina zamu ya jioni. Mke wangu na Shemeji watakuwa wameenda kuchukua vyombo vyake. Nitayang'oa yote kumi na mawili saa sita mchana, jua likiwa kali, ili udongo uachie kwa urahisi. Nimelichimbua moja jioni hii kujaribu: chini lina nywele nyingi za mizizi, zimebeba tope, zinachafua mikono. Hizo nitazikata zote kwa mkasi kabla ya kupanda, ziwe safi.

Sitamwambia mke wangu mpaka nimalize. Nataka aone mwenyewe.